Laini ya Tangi

Siku niliyofika wingu lilikuwa limekaa mlangoni,
lile la Isongole, la maji,
linaloloanisha kiberiti ndani ya mfuko.
Nikasema: nimekuja kuliunganisha tangi na wingu.
Anyelwisye, karani wa zamu ya usiku,
akatazama buti zangu, akatazama nje,
akauliza, "Kwani bado halijaungana?"

Lita elfu mbili, chuma cha pua.
Kompresa inakohoa, inatulia, inakohoa.
Na ukutani, limening'inizwa kwa uzi, daftari:
saa nne, nyuzi nne.
Saa sita, nyuzi nne.
Saa nane, nyuzi tano, nimewasha jenereta.
Miaka kumi na moja ya mwandiko mmoja
unaoinamia kulia
kama nyasi zilizozoea upepo.

Nilifungua kisanduku. Nyaya mbili za kihisi,
modemu ndogo kuliko kiganja,
na ubavuni mwake tundu la laini.
Hapo tukakwama.

Laini haisajiliwi bila kidole.
Wakala akatoa kimashine chake mezani.
Anyelwisye akaweka gumba: hapana.
Shahada: hapana.
Akakifuta kidole kwa shati, akakipulizia pumzi, hapana.
Mashine ilitafuta mistari pasipo na mistari;
majani ya chai yaliila, kamba za ng'ombe ziliila,
dawa ya kuoshea madebe ikamalizia.
"Kumbe mimi sipo," akasema, akacheka.
Halafu hakucheka.

Tukamwita bintiye. Kidole chake kilipita mara moja.
Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria,
tangi la maziwa la Isongole
ni Tumpe Mwakyoma, mwanamke,
umri miaka kumi na tisa.

Mtandao ulisoma mstari mmoja, ukafa.
Bati juu, chuma chini, mawimbi yapite wapi?
Tukakata mwanzi nyuma ya choo,
tukaifunga antena kwa mpira wa baiskeli,
tukaielekeza mnara wa ng'ambo ya bonde.
Mistari miwili.
Mitatu, mvua ikikatika.

Kila dakika tano, nikawaeleza,
tangi litasema joto lake, neno fupi tu,
na mtandao usipokuwepo litayatunza maneno
liyaseme baadaye, kila moja na saa yake.
"Na likinyamaza?" Tumpe akauliza.
Nikajibu haraka mno: halitanyamaza.

Usiku wa tisa, Mwanjelwa, simu yangu ikalia:
tangi kimya, dakika arobaini.
Nikakaa kitandani naziona lita elfu mbili zikichacha gizani,
jasho la akina mama wa vijiji vitatu.
Nikampigia Tumpe. Hapokei. Nikapiga tena.

Asubuhi nilikuwa Isongole na kifaa cha kupimia.
Umeme upo. Kihisi kizima. Mwanzi umesimama.
Nikaichomoa laini, nikaiweka kwenye simu yangu,
na ujumbe ukamiminika, wa siku tisa:
Ndugu mteja, kifurushi chako kinakaribia kuisha.
Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.
Ndugu mteja, shinda pikipiki leo.
Na mmoja, wa tapeli fulani asiyejua anamwandikia nani:
Ile hela itume kwenye namba hii.
Tumpe alicheka mpaka akashika ukuta.
Tangi lilikuwa linatapeliwa
na halikuwa na wa kumwambia.

Nikanunua vocha dukani, ya elfu mbili.
Mstari wa grafu ukaanza tena kutambaa.
Katikati yake pana pengo, jeupe,
na pengo hilo halitazibika; sikuwa na la kulijaza.

Maziwa?
Gari lilikwishayachukua. Mazima.
Niligeuka kuikusanya mikoba yangu
ndipo nikaliona daftari, nililosahau kuwaambia waliondoe:
saa nane, nyuzi nne.
Saa tisa, nyuzi nne.
Taa ya kisanduku haiwaki.
Saa kumi, nyuzi nne na nusu,
nimekaa nalo.