Dirisha Nambari Tatu

Kadi ina nyuso mbili.
Mbele, ngao ya serikali.
Nyuma, nembo ya kampuni: mwavuli wa samawati
uliochorwa na mtu asiyeijua mvua ya Mei ya Mombasa,
ile inyeshayo kwa ubavu.

Kazi yangu mimi ni hapo katikati,
kwenye unene wa kadi.

Leo ni Mwalimu Mbeyu Katana, wa Mtopanga,
miaka ishirini na sita ya chaki.
Nyonga imekwisha.
Kila mwezi mshahara wake umemegwa kabla haujamfikia;
serikali ikaupokea ule mmego,
ikaukabidhi kampuni, kwa jumla, kwa kila kichwa,
kama mtu anavyonunua nazi Kongowea:
bei ni moja, nzima na mbovu,
na faida imo katika zile ambazo hazitavunjwa.

Napiga Nairobi kuomba idhini.
Simu inanipigia kinanda, inakatika, inaanza upya.
Daktari anayenijibu hajawahi kumwona;
anaisoma nyonga kwenye jedwali.
"Amejaribu dawa za maumivu?"
Namtazama Mwalimu: amekaa tako moja,
mkoba mapajani, miwani imefungwa kwa uzi.
"Tangu Oktoba," nasema.
"Iandike hiyo. Tutapitia."

"Nani aliyesema hapana?" Mwalimu ananiuliza.
"Nipe jina, nimwandikie barua."
"Si hapana, Mwalimu. Ni bado."
"Bado," anarudia,
taratibu, kama alivyokuwa akirudia jibu la mtoto
ili mtoto asikie mwenyewe kosa lake.

Sitasema uongo.
Kabla yao faili zetu zililala ndani ya magunia,
na mamangu alifia kwenye benchi
akiisubiri sahihi ya afisa aliyekwenda semina.
Na mwaka jana mtoto wa Mwachiro, yule mlinzi wa lango,
alipasuliwa kidole tumbo usiku uleule;
kampuni ikalipa, haikuuliza neno.
Nayakumbuka yote mawili, ndiyo sababu silali vizuri.

Siku ya kutia saini, hotelini Nyali,
meneja alisimama na kipaza sauti:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tulipiga makofi. Nilipiga na mimi.
Sikujiuliza siku ile
mwenyeji ni nani, na nani amekaa kwenye kiti chake.

Saa kumi jioni jibu linaingia.
Picha imekubaliwa.
Nyonga, bado.

Mwalimu anaomba kalamu yangu.
Anaisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini
ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyamaliza.
Palipochapwa MNUFAIKA
anakata mstari mmoja, umenyooka,
na juu yake anaandika, kwa hati ya ubaoni:
MLIPAJI.

Nimeigonga mhuri hivyohivyo.