Kidude cha Kipanya

Aliiweka mezani imefungwa kwa kitenge,
kompyuta mpakato nyeusi, kona moja imemeguka.
"Kishale hakiendi, fundi. Nakisugua, nakibembeleza,
kimesimama kama kondoo aliyegoma kuvuka mfereji."

Juu ya duka la mbegu, Barabara ya Mawenzi,
nina meza, feni, na dirisha la kuutazama Mlima
siku ambazo Mlima umeridhia kutazamwa.
Siku hiyo haukuridhia.

Nikamwambia, huenda ni draiva.
Mama Ndekirwa akacheka:
"Dereva tulikuwa naye mmoja, wa lori la ushirika,
alistaafu enzi za bei nzuri ya kahawa."
Huyu ni mwingine, nikasema, haonekani, hadai posho,
kazi yake kuchukua neno la kidole
na kulifikisha ndani.

Nikaizima, nikaiwasha, kama tunavyoanza sote.
Nikapangusa tachipadi kwa pamba yenye spiriti;
pamba ikatoka na rangi ya chai.
Nikabonyeza vitufe viwili kwa mpigo,
kile cha kona, na kile chenye picha ya kidole kilichokatwa mstari.
Kimya.
Nikaling'oa draiva la zamani, nikapakua jipya kwa bando langu,
hamsini, sitini, sitini na mbili,
umeme ukakatika.
Feni ikalegea mpaka nikaweza kuhesabu mapanga yake.
Betri ya mashine ile ilikuwa betri kwa jina tu.

Tukangoja. Akanisimulia habari za Anaeli,
karani wa mizani, chama cha msingi, miaka thelathini na mmoja,
mwandiko ambao benki waliutambua bila kusoma sahihi.
Halafu mkono ukaanza. Kwanza kikombe kugongana na sahani.
Halafu vifungo vya shati.
Alipotamka "alikuwa" mara ya tatu
ndipo nilipoacha kuchezea bisibisi.

Umeme ukarudi. Draiva jipya likaingia.
Kishale palepale.

Basi nikachomeka kipanya changu, nikafungua mipangilio,
mahali ambapo ningeanzia kama ningekuwa na akili asubuhi ile.
Kasi ya kishale: mwisho wa kushoto.
Mguso mwepesi: usihesabiwe.
Kiganja kikiegemea: kipuuzwe.
Nafasi kati ya mguso na mguso: ndefu kuliko zote zinazoruhusiwa.
Na chini kabisa, kimetiwa tiki:
kipanya kikichomekwa, tachipadi ilale.

Nimefungua mashine nyingi. Watu huficha picha, huficha madeni.
Sikuwahi kukuta mtu aliyeacha mkono wake humo,
na kila kitelezi alikisogeza
kwa mkono uleule uliokuwa ukimkatalia.

Nikachomoa kipanya changu. Bado.
Nikapapasa ubavuni: kidude cha kunasia mawimbi,
kidogo kuliko buni, kimo tunduni.
"Kipanya chake kiko wapi?"
"Kabatini, na miwani."
Nikakichomoa kwa kucha. Kishale kikashtuka,
kikaanza kutambaa, taratibu, taratibu sana.

"Niongeze mwendo?"
Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kumwelewa.
"Ongeza," akasema. "Mjukuu anaomba chuo, mwisho Ijumaa."

Nikaongeza. Lakini kwanza nilinakili nyuma ya risiti
vitelezi vyote vilipokuwa vimesimama.
Akaisoma kwa mbali, mkono umenyooka,
akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi ya sarafu.
Elfu tano, nikasema. Bando halimo, lilikuwa kosa langu.

Jioni, nikifagia vumbi la pamba na skrubu,
nikakikuta kile kidude chini ya taa ya meza.
Hakina kazi bila mwenzake.
Nimekitia kwenye kopo la vipuri, halafu nimekitoa.
Namba yake ninayo.
Kesho, Mlima ukitoka au usitoke, nitapiga.