Koti la Gaudensi

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Kwaresima,
Gaudensi hupanda ngazi tatu za baraza yangu
mkabala na stesheni ya Moshi,
koti mkononi. "Lipunguze," husema,
na mimi humpunguza.
Mwaka huu bega limeingia sentimita mbili,
kifua tatu.
Ametimiza sabini na moja.
Nywele zake nyeusi kama rangi ya viatu,
na ni rangi ya viatu: nimeikuta kwenye ukosi.

Kabla ya mkasi, mifuko.
Rozari iliyopoteza msalaba.
Kadi mbili za simu.
Jani la sale, limefungwa fundo, limekauka.

Watu wakidhulumiana ng'ombe, sale huletwa,
na anayeletewa hakatai. Tulilelewa hivyo.
Yeye akaligeuza ufunguo:
aliomba radhi kabla ya kosa,
mlangoni, saa tatu usiku, viatu vinang'aa,
na nani angelifungia sale nje?

Siku hizi analipiga picha.
Humtumia muuguzi wa Pasua, karani wa Rau,
mjane mwenye kibanda Kiborloni,
na chini yake ubeti mmoja, uleule:

*Moyo wangu ni kihamba, mvua ninalilia,*
*Wewe wingu nakuomba, njoo kunitandazia,*
*Na migomba inayumba, buni zanipukutia,*
*Nyesha leo, kesho mbali, mwenyewe nitakufia.*

Muuguzi alijibu: "Asante babu, ubarikiwe,"
na ua linalometameta.
Alinionyesha simu kama mtu anayeonyesha kidonda.
"Dhambi ya siku hizi," akasema, "haina uvumba.
Hawaogopi moto. Sasa nawapotosha waende wapi?
Hata padre mpya, nikiungama,
namsikia akipiga miayo."

Nilicheka, pini zikanidondoka.

Mwaka wa foleni za sukari
alinijia na jani kama hili, na kilo moja ya sukari.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nilipokea vyote viwili.
Sukari iliisha kabla ya Pasaka, naye vilevile.
Jani nililichomeka nyuma ya jiko, kule Old Moshi,
kwa hasira tu, kama unavyochoma mtu kisu.

Likaota.
Sale haliulizi limeletwa kwa nini;
msamaha ni hilo, na ua la kihamba ni hilohilo.
Leo ni safu nzima, imefika mferejini,
mbuzi wa jirani hapenyi.

"Nilikusamehe zamani," nikamwambia,
"na mpaka wako unastawi."

Hakunisikia. Alikuwa mbele ya kioo,
anauliza kama mistari inamnenepesha.
Nikamjibu ukweli, wa kitambaa peke yake.

Ziada sijaikata safari hii, nimeikunja ndani ya bitana.
Mwakani hapatakuwa na pa kupunguza.
Jani nimelirudisha mfuko wa kushoto.

Elfu saba, Gaudensi.
Taslimu.