Ritifaa

Kisanduku kilikuwa kidogo, Bi Truphosa,
kidogo kama tundu la kifungo.
Nikakitia alama ya vema kwa kalamu ya benki
ulipokuwa ukitafuta miwani mkobani.

"Hiyo ni kawaida tu," nikasema.
Bima ya kupoteza ajira.
Wewe, mwenye cherehani moja Kawangware,
usiyewahi kuajiriwa na mtu,
wa kukufuta kazi angekuwa nani? Mvua?

Shilingi mia tatu na arobaini kila mwezi,
miezi thelathini na sita.
Fungu langu lilininunulia viatu.
Vilinibana.

Leo umetoka Mtaa wa Biashara moja kwa moja,
nyuzi zimenata kwenye sketi,
risiti zote umezibana kwa pini za ufundi,
na tarehe ya ule mwezi ulipovunjika mkono
ukapiga simu, ukajibiwa: mkono haumo.

Huniulizi kwa nini.
Unauliza pa kuandika ni wapi.
Nakusogezea fomu, nakunong'oneza
maneno yasiyopendwa kule ghorofani:
sikuelezwa, sikuomba,
nirudishieni.

Unaandika polepole, herufi zimesimama wima
kama mshono wa sare za shule.
Kiyoyozi kinakohoa. Foleni nyuma yako inaguna.

Unafika penye "Jina la afisa aliyekuhudumia."
Unainua macho, kalamu imening'inia.

Andika, mama.
Lang'at.
Na ritifaa usiisahau,
wasije wakasema ni mwingine.