Acha Nafasi ya Msumeno

Mesa, Arizona. Saa kumi na mbili asubuhi,
na zege lililobeba mitambo ya bwawa
tayari lina moto wa bati lililosahauliwa jikoni.
Nimewahi. Gundi haipatani na jua la saa nne,
hukauka kabla bomba halijaingia.

Bi Rosaura kanifungulia geti la nyuma.
Hakusema karibu. Kasema, "Pampu inalia usiku."
Miaka sita nilimwita mama.
Siku hizi yeye ananiita fundi,
nami naitika.

Nikapiga magoti.
Aliyefunga mabomba haya alikuwa na haraka,
au njaa, au vyote viwili:
kiwiko juu ya kiwiko, kisha kiwiko tena,
bomba limejipinda
kama mtu anayechelewa sinema na kupita magotini mwa watu.
Hakuna yunioni hata moja.
Pampu imegandishwa kwa chujio, chujio kwa hita,
na kati yao hapaingii hata meno ya msumeno.
Ukitaka kubadili mpira wa senti tisini
uvunje vyote.

Namjua aliyefunga.
Ni Efraín, mwanawe, mume wangu wakati ule,
na tochi niliishika mimi.

Nimekata. Unga mweupe wa plastiki
umeninatia kwenye jasho la mikono,
nikawa kama mwoka mikate.

Sikiliza: upande wa kuvuta, ufa haudondoshi maji.
Zege linabaki kavu. Jirani hajui.
Ufa unameza hewa,
na unachokiona ni viputo tu chini ya kifuniko cha pampu,
vidogo, vya adabu,
vikipita kimoja kimoja.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Lakini kwanza uuone.
Sisi tulisikia mlio,
tukaongeza sauti ya televisheni.

Napanga vyote vikavu kwanza, bila gundi.
Inchi kumi za bomba lililonyooka mbele ya pampu,
maji yaingie yametulia, yasifike yakigombana.
Vali hapa, mkono uifikie.
Alama ya penseli kila kiungo.
Napangua. Napanga tena.

Bi Rosaura kaja na maji ya ukwaju, bilauri moja,
kaiweka juu ya hita, mbali kidogo nami.
"Na hilo pete nene ni la nini?"
"Yunioni. Inafunguka kwa mkono."
"Kinachofunguka si kitavuja?"
"Kina mpira ndani. Upake mafuta kila mwaka."
Kaitazama.
"Efraín hakuniwekea."
"Hakujua," nikasema. "Wala mimi."

Sasa praima, ile ya zambarau
isiyotoka kwenye kucha hadi Jumapili.
Gundi nje ya bomba, gundi ndani ya kiungo,
sukuma, zungusha robo, shika.
Bomba likiachiwa mapema hurudi nyuma,
na hutapata nafasi ya pili.
"Nishikie upande ule," nikamwambia,
na mikono yake, yenye madoa ya jua,
ikashika.
Tunahesabu hadi thelathini, kwa sauti.
Kumi na sita. Kumi na saba.
"Efraín kapata mtoto. Wa kike."
Kumi na tisa, nikasema.
Kumi na nane niliiruka.
Ishirini.
Hakuna aliyeachia.

Nimechora mishale ya maji kwa wino mweusi,
nikaandika tarehe,
na kati ya chujio na hita nimeacha futi nzima ya bomba tupu
kwa fundi nisiyemjua
atakayekuja na msumeno wake akinilaani kwa jambo jingine.

"Usiwashe hadi kesho," nikamwambia.
"Kesho nani atawasha?"

Bilauri nimeikuta ina joto. Nimekunywa yote.
Ankara nimeiacha chini yake,
na kwenye mstari wa jina,
pale nilipozoea kuandika *fundi*,
nimeandika Ofelia.