Daftari la Kuazima

Kila Jumamosi nafungua stoo ya Bidi Bidi
kabla jua halijayafanya mabati yalie tak, tak,
na nje tayari kuna foleni ya mawe.
Kila jiwe ni mtoto.
Mwenyewe yuko bombani, analinda dumu.

Mzigo ulitoka Arua, magunia manne,
sadaka ya watu nisiowajua hata kwa sura.
Dubu alikuja na jicho moja;
la pili nimemshonea mimi,
kifungo cha shati la marehemu mume wangu,
na sasa ananitazama kwa namna ninayoijua.
Picha ya vipande mia ina tisini na sita.
Watoto huipanga mpaka kwenye tundu,
wakatia kidole: "Hapa alikaa bata."

Wananiita Mama Daftari.
Safu ya kwanza jina, ya pili kitu,
ya tatu tarehe, ya nne hali:
kizima, kibovu, kimepotea.
Ofisi inataka hesabu kila mwisho wa mwezi.
Mfadhili, nadhani, huota namba.

Kiden, mwenye miaka tisa, aliazima lori jekundu.
Jumamosi ikapita. Ikapita ya pili.
Ya tano nikatuma salamu;
salamu zikarudi peke yake.

Basi nikaenda,
kitenge nimekikaza kama mdai kodi,
daftari kwapani.
Bibi yake alikuwa akipepeta ufuta.
Hakuinua kichwa:
"Lori? Kawaulize wenye gereji."

Gereji iko nyuma ya jiko.
Lori langu limelala chali juu ya gunia,
limechambuliwa kama kuku wa sikukuu,
skrubu kwenye kifuniko cha chupa,
magurudumu yamepangwa kwa ukubwa,
na mtoto mmoja kazi yake ni kufukuza vifaranga.

Kando yake, malori saba.
Makopo ya mafuta ya msaada,
maandishi ya msaada yamegeukia ndani;
matairi ya kandambili,
ekseli za spoki za baiskeli ya nani, sikuuliza.
Moja limepakia mchanga. Moja, magunzi.
Mawili yamebeba mawe madogo yaliyofungwa vitambaa,
na nilijua mara moja kuwa ni watu.

"Hili linakwenda Kajo-Keji," Kiden akasema.
"Na hili?"
"Hili la kuturudisha, kukiwa kubaya."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima,
kuhusu amana, kuhusu wenzake wanaongoja.
Yakaniishia mdomoni kama barafu ya senti hamsini.
Ukutani, kwa mkaa, nikaona majina:
Pitia, Poni, Ladu, Jada,
na mbele ya kila jina, mstari,
na mbele ya Ladu, alama ya kosa.
"Ladu hajarudisha," akasema, kwa sauti yangu mimi,
ile ninayoitumia nikikunja uso.

"Skrubu moja imepotea," akaongeza, polepole.
"Nikiipata, nalifunga."

Usiku, kwa taa ya sola,
nilifika kwenye safu ya nne, kalamu ikagoma.
Kizima? Hapana.
Kimepotea? Nimekiona kwa macho yangu.
Nikaandika: limefunguliwa.

Bwana Drichi wa ofisini akapiga simu Jumatatu.
Neno hilo halimo kwenye fomu, akasema,
lina maana gani?
Nikamwambia njoo Jumamosi, uweke jiwe lako kwenye foleni,
na uje na bisibisi. Ile ndogo.