Kilo Moja ya Saa Zilizokufa

Mjane wa fundi Badruddin aliniuzia kwa mizani
kama auzaye dagaa:
kilo moja ya saa zilizokufa,
na nusu nyingine akanipa bakshishi
kwa kuwa droo ilikwama
na yeye amechoka kuivuta.

Sasa zimelala kwenye sinia la marehemu nyanya,
lile la kuchagulia mchele.
Nazichagua vivyo hivyo:
springi huku, skrubu huku,
magurudumu yenye meno membamba kama ya kipanya,
na kifungo kimoja cha sare ya reli,
cha enzi za garimoshi la mvuke,
sijui kiliingiaje humu.
Mikanda ya plastiki ndiyo chuya.

Stima zimepotea Majengo nzima.
Nafanyia dirishani, koleo mkononi,
jasho likining'inia ncha ya pua.
Na shaba ya pwani haina haya:
ukiipa kisogo siku tatu
utaikuta imevaa kijani.
Ndiyo maana nanunua rangi ya kucha isiyo rangi,
chupa saba kwa mpigo.
Mwenye duka huvitazama vidole vyangu, vimejaa makovu ya waya,
akanyamaza kwa adabu.

Shanga nilirithi.
Kibweta kizima cha shanga za kiunoni,
nyeupe za maziwa, samawati,
na zile za rangi ya damu ya mzee.
Mamangu aliponiona nazikata uzi
alijishika kifua:
"Hizo zilisikiwa na mtu mmoja tu duniani,
nawe wazitundika shingoni na vyuma,
kila mpita njia azisome?"
Sikuwa na jibu.
Nilitunga tu.

Mkufu wa kwanza ulikatika harusini kwa Saumu.
Meno ya saa yaliutafuna uzi polepole,
kama watu wanavyosengenya,
na katikati ya chakacha
shanga zikapukutika sakafuni.
Wanawake wakapiga magoti na leso zao,
wakazisaka chini ya viti, wakicheka
hata mpiga ngoma akapotewa na mdundo.
Moja haikuonekana.
Nadhani ilikwenda kunisemea kwa nyanya.

Tangu siku hiyo natungia uzi wa mshipi,
na baina ya gurudumu na ushanga
natia kipete cha shaba,
ulimi na meno vikae nyumba moja
visiumane.

Kisha akaja Bi Mwanakhamisi.
Alitaka kidani: uso wa saa, mishale yake miwili,
pindo la damu ya mzee.
"Isimame saa nne," alisema.
"Saa nne asubuhi mwanangu alilia mara ya kwanza."
Kama palikuwa na mara ya mwisho hakusema,
nami sikuuliza.

Nikaketi na mshale mfupi kwenye kibano.
Saa nne.
Tangu utotoni twajua: jicho laona kumi,
mdomo wasema nne,
mshale upande huu, sisi upande ule,
na hatujakosana.
Lakini hii imekufa.
Haina gari la kuwahi wala ofisi ya kufungua.
Mbona iendelee kuwatii waliokuja nayo?
Nikaupeleka mshale kwenye nne,
nne ya wino, nne ya mdomo,
tone la gundi,
nikapuliza.

Alikitazama sana.
"Hii ni saa kumi," akasema.
Nikaanza kueleza, maneno yakanigongana,
nikanyoosha mkono nikibandue.
Akaurudisha mkono wangu taratibu.

"Wacha. Wao wasome kumi."

Akakifunga mwenyewe, kikaingia ndani ya buibui,
akashuka ngazi.
Nilizisikia shanga, kwa mbali,
kisha stima zikarudi
na feni ikazimeza.